Unene uliopitiliza na opresheni ya kupunguza uzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kliniki, kwenye magrupu ya WhatsApp na kwa wale wanaopiga simu usiku kwa sauti ya chini maana hawataki mtu wa nyumbani asikie. Nimeyaacha vilevile yanavyoulizwa. Najua wengi mtakimbilia la bei, lakini lile ukilisoma peke yake utapotea.

Nitajuaje kama huu ni ugonjwa au ndio mwili wangu tu, kwetu wote tuko hivi?

Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, halafu jibu ulilopata ligawanye tena kwa urefu huohuo. Hiyo ndio BMI. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 103 anapata 40 na kidogo. Kuanzia 30 tayari ni unene wa kupitiliza, ikifika 40 hiyo ni daraja la juu kabisa, na 35 nayo sio ya kuchekea hasa kama tayari una presha au sukari.

BMI haijui kila kitu, jamaa anayebeba vyuma anaweza kutoka kibonge kwenye hesabu na hana tatizo, ndio maana daktari anayejua kazi yake atapima na kiuno, atakuuliza magoti yanasemaje, unakoroma mpaka pumzi inakatika usingizini? hedhi inakuja kwa mpangilio? ukipanda ngazi mbili unakaa chini? Hayo ndio yanaonyesha kama unene umeshaanza kukuumiza. Na kuhusu "kwetu wote tuko hivi", ni kweli kurithi kupo na kuna mchango mkubwa tu, ila presha nayo inarithiwa na tunaitibu.

Si apunguze kula tu na atembee? Mbona mnatetea ulafi?

Hili linaulizwa na waume, mama wakwe, na hata baadhi ya wahudumu wa afya, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Kula vizuri na kutembea vina faida kwa kila mtu, hakuna anayekataa. Shida ni kwamba mtu akishafika kilo 130, mwili wake umezoea kule na unapigania kubaki kule. Akipungua, homoni ya njaa inapanda, ya shibe inashuka, na mwili unaanza kubana matumizi. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake Marekani walichapisha majibu ya watu 14 waliokuwa wameshindana kupungua kwenye TV, wakafuatiliwa baada ya miaka 6. Karibu wote walikuwa wamerudisha kilo, na miili yao ilikuwa inachoma kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotegemewa kwa mtu wa saizi yao. Miaka 6 imepita bado mwili unabana! Sasa huyo ukimwambia "jikaze" unamsaidia nini?

WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wameuweka unene kwenye orodha ya magonjwa, una namba yake kabisa kama malaria ilivyo na yake. Na hatuongelei watu wachache, kufikia 2022 duniani walikuwa zaidi ya bilioni 1. Kenya utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka huohuo ulionyesha asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene kabisa. Karibu nusu ya wanawake wote hao tuseme ni walafi? Hapana bwana. Chipsi ziko kila kona, kazi ni za kukaa, boda inakushusha mlangoni, soda bei rahisi kuliko matunda, halafu lawama zote anatupiwa mtu mmoja.

Nani anafaa kufanyiwa opresheni ya kupunguza uzito?

Zamani kipimo kilikuwa kile cha Marekani cha 1991, yaani BMI 40, au 35 ukiwa na ugonjwa mwingine juu yake. Mwaka 2022 vyama vikubwa viwili vya madaktari wa upasuaji huu vikashusha: 35 inatosha hata kama huna ugonjwa mwingine, na mwenye 30 hadi 35 anaweza kufikiriwa kama ana sukari ya aina ya pili au dawa na lishe vimegonga mwamba. Hospitali nyingi bado zinatumia ile ya zamani kwa hiyo usishangae ukikataliwa huku na kukubaliwa kule.

Anayetakiwa asubiri kwanza ni mwenye mimba, anayekunywa pombe kupita kiasi, mwenye sonona kali ambayo haijatibiwa, na yule ambaye anaona wazi hatoweza kurudi kliniki. Huyo wa mwisho watu wanamsahau. Sigara nayo iachwe wiki 6 kabla angalau, na ikiwezekana isirudi.

Wanakata nini hasa? Nimesikia wanatoa utumbo wote.

Hawatoi utumbo wote, tulia. Zinazofanyika zaidi ni mbili.

Ya kwanza inaitwa sliv. Wanatoboa matundu madogo kama matano tumboni, wanaingiza kamera, halafu wanaondoa karibu asilimia 75 hadi 80 ya tumbo la chakula na kukuachia kipande chembamba kama ndizi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa inayoitwa ghrelini, ndio maana wengi wanashangaa wiki za mwanzo hawasikii njaa kabisa, wengine wanalia wanadhani wameharibiwa. Ukishafanya hii hairudishwi, kilichotolewa kimetolewa.

Ya pili ni baipasi. Tumbo linakatwa kinabaki kifuko kidogo cha mililita 30 hivi, halafu utumbo mdogo unaungwa moja kwa moja kwenye hicho kifuko, chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Hakuna kinachotolewa ila njia inabadilishwa. Daktari Edward Mason wa Iowa ndiye aliyeanzisha baipasi ya unene miaka ya 1960, wakati huo tumbo lilikuwa linafunguliwa lote, ya matundu ikaja 1994. Ipo pia ya kuunga sehemu moja tu, wengi wanaiita mini baipasi.

Ipi ni bora? Mwenye kiungulia kikali mara nyingi anashauriwa baipasi maana sliv inaweza kukizidisha. Mwenye sukari iliyokomaa baipasi inamsaidia zaidi. Sliv ni fupi na rahisi kidogo kwa daktari, na upungufu wa vitamini unakuwa nafuu kidogo. Usichague kwa kuangalia rafiki yako alifanya ipi.

Ile mikanda ya kufunga tumbo iliyovuma miaka ya nyuma sehemu nyingi wameshaachana nayo, ilikuwa inateleza, inakata, mtu anarudi kuitoa.

Na lile puto?

Puto sio opresheni. Linapitishwa mdomoni likiwa limekunjwa, linajazwa maji humohumo tumboni, linakaa kama miezi 6 (yapo ya mwaka) halafu linatolewa. Maji yenyewe huwekwa rangi ya bluu ili likipasuka uone mkojo umebadilika rangi ukimbie hospitali, akili nzuri ile. Siku za kwanza kichefuchefu na kutapika ni vya kawaida, jipange na kazi.

Mawazo yangu: linamfaa mwenye BMI ya 30 na kitu, au mtu mzito sana anayetakiwa ashuke kidogo ndio aingie theatre salama. Kwa mtu wa BMI 48 anayetegemea puto peke yake, likitoka na kilo zinarudi taratibu, na hela imeshaenda.

Kuna sindano za Ozempic siku hizi, opresheni ya nini tena?

Swali zuri. Sindano hizi zinafanya kazi kweli. Semaglutide, dawa iliyomo kwenye Ozempic na Wegovy, kwenye utafiti mkubwa ilipunguza kama asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68, na tirzepatide kwa dozi ya juu ikafika karibu asilimia 21. Sliv na baipasi zinacheza kwenye 25 hadi 30. Kwa hiyo pengo linazibika, na wapo ambao sindano zitawatosha.

Ila angalia mambo mawili. Ukiacha sindano uzito unarudi, waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walikuwa wamerudisha karibu theluthi mbili ya walichopoteza. Maana yake ni dawa ya muda mrefu kama ya presha, piga hesabu ya kila mwezi kwa miaka. La pili ni feki. Juni 2024 WHO walitoa tahadhari ya dunia nzima kuhusu semaglutide bandia. Sindano inayotakiwa kukaa kwenye friji, wewe unaletewa na dada wa Instagram kwenye mfuko wa rambo saa nane mchana, jamani.

Chai za kupunguza tumbo, vidonge vya kahawia, detoksi?

Hapana. Nyingi ni dawa ya kuharisha tu, unapoteza maji unadhani ni mafuta. Nyingine zimekutwa na sibutramine ndani bila kuandikwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Na kufyonza mafuta sio tiba ya unene, ni urembo, sukari na presha vinabaki palepale.

Nitapungua kilo ngapi?

Chukua mfano wa kilo 120. Sliv ikienda vizuri atatua kati ya 84 na 90 baada ya mwaka hadi mwaka na nusu. Hatofika 60. Nasisitiza hili maana kuna watu wanakaa na huzuni wana kilo 85, presha imekaa sawa, magoti yamepona, analala usingizi wa maana, ila analia kwa sababu hajafanana na picha aliyoihifadhi kwenye simu.

Sitakufa mezani?

Hofu hii ni ya haki. Kwenye vituo vyenye uzoefu anayefariki ndani ya siku 30 ni kama mmoja kwa kila 1000, hatari inayokaribiana na ya kutoa kifuko cha nyongo. Matatizo makubwa ni kuvuja pale waliposhona, kutoka damu, na damu kuganda miguuni ikasafiri mpaka kwenye mapafu. Hiyo ya mwisho ndio inafanya manesi wakusumbue utembee siku ileile uliyofanyiwa, usiwanunie.

Upande wa pili wa mizani nao uangalie. Sweden kuanzia 1987 walifuatilia watu zaidi ya 2000 waliofanyiwa na wengine zaidi ya 2000 wanene vilevile wasiofanyiwa, na majibu yaliyotoka 2007 yalionyesha waliofanyiwa walikufa wachache zaidi. Yaani kubaki hivyohivyo nako ni uamuzi, na una hatari yake.

Kabla ya opresheni utapimwa moyo, damu, ini, mara nyingi na kamera ya tumboni kuangalia vidonda na wale bakteria wa H. pylori ambao huku kwetu wengi tunao. Wiki 2 za mwisho utapewa lishe ya kubana wanga ili ini lisinyae, maana ini lililojaa mafuta linalala juu ya tumbo na kumziba daktari. Kuna watu wanaiba wiki hizo, wanafanya "karamu ya mwisho" ya pilau na biriani. Usifanye hivyo, daktari akiingia na kukuta ini limejaa anaweza kuahirisha.

Kisukari kitapona kabisa?

Kwa wengi wenye aina ya pili kinatulia, wengine wanaacha dawa kabisa, na baada ya baipasi sukari inaweza kushuka ndani ya siku chache hata kabla kilo hazijaondoka. Aliyeugua miaka mingi na anachoma insulini bahati yake ni ndogo zaidi ingawa dozi inapungua. Kinaweza kurudi baadae, kwa hiyo endelea kupima. Hatari ya haraka ni nyingine: mtu katoka hospitali anaendelea kumeza dozi zake za zamani huku hali chakula, sukari inashuka anazimia. Dawa za sukari na presha zipangwe upya kabla hujaruhusiwa kutoka.

Ntakula nini? Ugali ndio basi tena?

Ugali utakula, ila utakuwa wa mwisho kwenye sahani na utakuwa tonge mbili tatu.

Siku za mwanzo ni maji, supu iliyochujwa, unakunywa kidogokidogo. Halafu vimiminika vizito kidogo, maziwa, mtindi usio na sukari, supu ya samaki iliyosagwa. Kwenye wiki ya tatu na ya nne vyakula vya kupondwa, maharage yaliyosagwa, yai laini. Mpaka wiki ya 6 hivi laini, kisha unarudi taratibu kwenye chakula cha nyumbani. Uji wa sukari mwingi ndio mtego wetu, unashuka bila kukwama na kalori zote zinaingia.

Baada ya hapo kanuni ni protini kwanza, gramu 60 hadi 80 kwa siku. Sio lazima unga wa bei mbaya wa kwenye kopo, dagaa wapo, samaki, mayai, kuku, kunde, choroko, maziwa. Tafuna mpaka basi. Usinywe maji wakati unakula, subiri nusu saa. Soda achana nazo. Waliofanya baipasi wakila vitamu vingi kwa mkupuo wanapata moyo kwenda mbio, jasho, tumbo kukata na kuharisha, wengine wanasema hiyo ndio askari wao. Nyama choma ngumu na chapati za moto ndivyo vinakwama sana miezi ya mwanzo.

Shida kubwa kwa kweli sio chakula, ni shughuli. Unaalikwa harusini unakula vijiko vitano, mwenye nyumba ananuna, shangazi anasema unaringa. Jiandalie jibu mapema. "Nina dawa za tumbo" linatosha, sio lazima umweleze kila mtu.

Vitamini nitameza mpaka lini?

Maisha yako yote. Madini ya chuma, B12, kalsiamu, vitamini D, multivitamini, na kupima damu mara kadhaa mwaka wa kwanza kisha kila mwaka. Hapa ndipo watu wanapoanguka, sio theatre. Mwaka wa kwanza anameza, wa pili anajisikia mzima anaacha, wa tatu anakuja miguu inawaka moto, damu imeshuka, hajui ni nini. Kama unatapika mfululizo siku kadhaa usikae nyumbani, vitamini B1 ikiisha inaweza kuharibu ubongo haraka na haingoji uzito ushuke.

Kingine, diclofenac na ibuprofen. Huku kwetu zinauzwa kama pipi, kichwa kikiuma kidogo unaingia duka la dawa. Kwa aliyefanya baipasi zinatengeneza vidonda pale palipoungwa, omba paracetamol na umwambie muuzaji kwa nini. Pombe nayo inapanda haraka sana baada ya hii opresheni, na wapo walioingia kwenye ulevi wakiwa hawakuwa nao.

Nataka mtoto.

Unene unavuruga mayai kukomaa, kwa hiyo wengi wakipungua hedhi inarudi kwenye mstari na mimba inaingia ghafla wakati hawajajiandaa. Inashauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18 ili mtoto asikue wakati mwili wako unapoteza uzito kwa kasi. Baada ya baipasi usitegemee vidonge vya majira peke yake, ongea kuhusu kijiti, sindano au kitanzi kabla ya opresheni.

Nywele, ngozi, makalio. Na watu watasemaje?

Nywele zinadondoka kuanzia kama mwezi wa tatu, zinatisha, kisha zinarudi kama protini na chuma viko sawa. Ngozi italegea, kiasi gani inategemea umri na kilo ulizobeba, na kuikata ni opresheni nyingine baada ya uzito kutulia. Makalio yatapungua ndio, huwezi kuchagua mafuta yatoke wapi.

Maneno ya watu ni kweli yapo. Huku kunenepa ni "maisha yamemkubali", kukonda ni "amepata ngoma huyo" au mume anamtesa. Kuna wanaorudi kula makusudi kwa sababu ya maneno hayo. Mchague mtu mmoja au wawili nyumbani wajue ukweli kuanzia mwanzo, wale wa mtaani watazoea.

Ramadhani naweza kufunga?

Miezi ya mwanzo hapana, huwezi kukidhi maji na protini kati ya futari na daku na kifuko kidogo hivyo. Baada ya mwaka hivi wengi wanaweza, kwa ruhusa ya daktari, na mwenye dawa za sukari apangiwe upya.

Nifanyie wapi, na ni shilingi ngapi?

Tanzania Muhimbili Mloganzila wanaweka puto na wanafanya opresheni, Nairobi wapo Aga Khan na wengine, na wengi bado wanapanda ndege kwenda India. Bei zinabadilika kila siku kwa hiyo sitakuandikia namba ya kukudanganya, ila ni mamilioni. Bima nyingi binafsi zimeandika kwenye mkataba kwamba hazilipii kupunguza uzito, uliza na uombe jibu kwa maandishi.

Ukipewa bei uliza imebeba nini. Vipimo vimo? Ikivuja nikarudishwa theatre au ICU nani analipa? Daktari ameshafanya ngapi, na mtaalamu wa lishe yupo? Halafu lile ambalo mimi ndio naliangalia kuliko yote: baada ya miezi 6 nikipiga simu anapokea nani? Opresheni ya bei nzuri India halafu ukirudi Mbeya hakuna anayejua ulifanyiwa nini, hiyo bei sio nzuri. Kama lazima usafiri, rudi na ripoti kamili, tafuta daktari wa hapa atakayekupokea kabla hujaondoka, na usikimbilie ndege ya masaa mengi siku chache baada ya kukatwa.

Naweza kunenepa tena?

Unaweza. Kurudisha kilo chache baada ya mwaka wa pili ni kawaida. Zikirudi nyingi usijifiche kwa aibu, rudi kliniki, kuna lishe, kuna zile sindano, kuna kurekebisha opresheni.

Nikishatoka hospitali, dalili gani zinanitaka nirudi mbio?

Moyo kwenda mbio zaidi ya 120 ukiwa umekaa, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi au yanayopanda begani, kushindwa kupumua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kinyesi cheusi, kutapika hata maji. Usisubiri asubuhi, usimeze dawa ya gesi kwanza, usiombe ushauri kwenye grupu. Na ukifika mapokezi sema sentensi ya kwanza kabisa "nimefanyiwa opresheni ya kupunguza uzito tarehe fulani", maana wasipojua wanaweza kukutundikia drip na kukuambia ni vidonda vya tumbo.